Mkwe, Kanzu na Vikombe vya Kahawa

Nasikia mama mkwe wako anashuka mjini wiki ijayo, mwanangu, na wewe umeshampangia matembezi: asubuhi soko, mchana bandari, jioni mpira. Kila kitu kwa saa yake, hongera. Sasa kaa hapo kwanza. Usitazame mlango, mpira haujaanza. Nakumbuka siku moja nami niliyoipanga kwa akili kama hizo zako, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, aibu hufuata baadaye.

Wakati huo Mwingereza angali yupo. Nilikuwa fundi cherehani hapa hapa Ngamiani, kijana kifua mbele, na jioni nilikuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu. Nilikuwa nimemwoa Zaina, binti wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, naye alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imemvimba hata viatu haviingii. Sasa watu, mwanangu, midomo haina pazia. Habari zikapanda hadi kijijini kwao kwamba fundi anapenda mpira kuliko mke. Mama yake akapanda treni kuja kuona mwenyewe.

Siku aliyofika alimwambia Zaina, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta, "Nimekuja kutazama. Nikiona mwanangu anateseka, Jumatatu naondoka naye. Akazalie kwetu, na huyo fundi wake abaki na mpira wake, uwe unampikia."

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na tonge la ugali mkononi. Nikalirudisha sahanini.

Lazima nikueleze jambo, kwa sababu ninyi wa leo mnakaa na wakwe sebuleni mnagombea mapaja ya kuku. Zamani zetu mama mkwe humtazami usoni. Huli mbele yake, humtaji jina, humpi kitu mkononi. Mkikutana njiani unaingia majanini mpaka apite. Naye vivyo hivyo, anainamisha macho. Tangu harusi nilikuwa naijua sauti yake tu, na sauti ile ilitosha.

Basi Zaina akaniambia, "Mume wangu, mtembeze mama mji, roho yake itatulia. Mimi kwa miguu hii sifiki hata kisimani." Shangazi yangu ambaye angemtembeza alikuwa harusini Pangani. Na siku yenyewe ni Jumapili, tuna mechi na vijana wa huko huko Pangani! Mshika mawili moja humponyoka, lakini nani alikuwa ananisikiliza? Hata mimi sikujisikiliza. Nikapanga njia: sokoni, stesheni, bandarini, bustani ya ufukweni, halafu saa kumi tutokee uwanjani. Pale pana nyumba ya mama wa rafiki yangu. Mkwe atapumzika, mimi nitadaka. Nilijiona waziri.

Nikamwambia Zaina, "Mwambie mama anifuate kwa mbali. Nitavaa kanzu mpya nyeupe na kofia. Mimi nitatangulia wala sitageuka, nisije nikamvunjia heshima." Zaina akampa mama mwavuli wetu mweusi wenye kiraka chekundu, kiraka nilichokishona mwenyewe. Tukatoka.

Nami sikugeuka, wallahi. Shingo nimeikaza kama nimemeza mwiko. Tulipofika sokoni adhuhuri ilikuwa imesaliwa, msikiti ukafunguka, wanaume wakamwagika barabarani. Wote kanzu nyeupe, wote kofia. Na aliyezishona nusu ya kanzu zile ni nani? Ni mimi, bwana! Kitambaa kimoja, mshono mmoja, hata kola moja. Lakini hilo halikunipita akilini. Niliwasalimu wateja wangu nikaendelea kwa madaha.

Kwa kuwa sikuruhusiwa kuongea naye uso kwa uso, nikawa naiambia barabara. "Hii ndiyo stesheni! Treni za hapa zinafika mpaka Moshi!" Watu wakanitazama. "Lile kule ni bohari la mkonge!" Mmoja akaniuliza, "Fundi, waongea na nani?" Nikamjibu, "Na mkwe." Akatazama nyuma yangu, akanitazama mimi, akasema, "Haya, Mungu akusaidie," akaenda zake.

Nikanunua ndizi. Kumpa mkononi haifai, basi nikaziweka juu ya jiwe, nikasogea mbele. Nikasikia nyuma zinaliwa. Moyo ukanitulia, nikasema mama anakula vizuri. Mbele kidogo nikaweka mahindi ya kuchoma, nayo yakaliwa, tena na gunzi lake! Nikashangaa kidogo, lakini nikasema wazee wa Bondei wana meno.

Tulipofika bandarini nikanyoosha mkono, "Na zile ni meli za Ulaya!" Nikajibiwa, "Mee."

Mwanangu, nikageuka. Mbuzi jike, kamba shingoni, ananitazama kwa adabu zote akingojea kiwekwe kingine juu ya jiwe. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimemtembeza mbuzi wa watu mji mzima na kumweleza habari za treni.

Nikakimbia kurudi sokoni, kanzu nimeishika mkononi. Jasho lile halikuwa la jua. Nilikuwa namwona Zaina na sanduku lake stesheni, Jumatatu asubuhi. Kwa mama mmoja muuza mihogo nikasimama nikihema.

"Shikamoo mama. Nimepotelewa na mkwe wangu."

"Marahaba. Anaitwa nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Yukoje? Mrefu, mfupi?"

"Sijamtazama."

Akaweka kisu chini. "Mwanangu, humjui jina, humjui sura, nani kakwambia amepotea?"

Nikakumbuka mwavuli. Nilipotaja kile kiraka chekundu akapiga makofi. "Ah, yule! Amemfuata muuza kahawa tangu adhuhuri. Wamepita hapa wakaenda, wakarudi, sasa hivi wameelekea uwanjani."

Nilifika uwanjani pumzi hazipo. Watu wamejaa, na kando ya goli, mstari wa mbele kabisa, niliuona mwavuli wangu. Chini ya mwavuli mama mkwe amekaa, kikombe cha kahawa mkononi, na hatua chache pembeni muuza kahawa mwenye kanzu nyeupe, tena kazi yangu, anagonga vikombe vyake kengele-kengele. Nikasema alhamdulillahi, yu hai. Sijamaliza kushukuru, wenzangu wakanidaka. "Fundi! Tumekungoja mpaka basi! Ingia golini!" Wakanirushia bukta.

Bukta, mwanangu! Mapaja wazi, mbele ya mama mkwe!

"Sivai," nikasema.

"Mficha uchi hazai," nahodha akafoka. "Vaa tuanze!"

"Bora nisizae. Siivai ng'o."

Basi nikasimama golini na kanzu yangu na kofia yangu. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wapangani walikuwa wanaupiga mpira huku wameshika mbavu. Na katika makelele yale nikaisikia sauti ninayoijua, ile ya kupenya kuta: "Jamani, mtazameni mwehu yule, kaja kudaka na kanzu! Mama yake yuko wapi? Namshukuru Mungu mkwe wangu ni mtu mwenye akili zake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga, ikatoka penalti kwa Wapangani. Mpigaji akaupiga chini, katikati ya miguu yangu, pale ambapo kipa mwenye bukta hana la kufanya. Mpira ukaingia ndani ya kanzu ukajifunga humo. Refa alizunguka akiutafuta. Wenzangu wakanibeba juu juu, nami nahangaika kuvuta kanzu ifunike vifundo vya miguu.

Watu walipotawanyika nilimnong'oneza muuza kahawa, "Bwana, nakuomba pita mpaka nyumbani kwangu, na gonga vikombe njia nzima." Akaniangalia. "Huyu mama ni wako? Nilidhani ana jini, ananifuata mchana kutwa hasemi neno. Nikimwekea kahawa barazani anakunywa, tunaendelea." Wakatangulia, mimi nikafuata nyuma. Siku nzima ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nyuma, na ndiyo mara ya kwanza nilijua mkwe wangu yuko wapi.

Usiku ulipoingia nilikaa chumbani, nikasikia Zaina anamwuliza, "Mama, mji umeuonaje?"

"Nimeuona wote! Mumeo ana adabu, mwanangu. Kila kona anagonga vikombe nisipotee. Kahawa ananiwekea kando, kashata ananiwekea. Nami nilikuwa sijui kuwa Jumapili anauza kahawa kwa ajili ya mtoto. Nimemaliza, sina neno, utazalia hapa." Kisha akaanza kucheka. "Lakini ungemwona mwehu mmoja golini na kanzu..."

Zaina nilikuwa nimeshamsimulia yote niliporudi, nikaomba anyamaze. Hakunyamaza. Mke wangu hakuwahi kusema uongo, na hilo limenitesa maisha yangu yote. "Mama," akasema, "mwehu yule ndiye mume wangu."

 Kicheko cha mama kikakatika.

"Kwa nini alivaa kanzu?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale."

 Nikaliona tena lile sanduku la Zaina stesheni. Halafu ile sauti, taratibu mno safari hii: "Mtu aliyekubali kuchekwa na mji mzima ili asinikosee heshima, hawezi kumtesa mwanangu. Utazalia hapa." Akakohoa, akapandisha sauti ipenye ukuta. "Lakini mwambie, siku nyingine akiongoza mtu, na yeye agonge kikombe!"

Nililia mwanangu, sitakuficha. Nililia nacheka.

Ndiyo nasaha yangu hiyo. Panga siku yako, lakini usimpangie mgeni njia iishie pale unapopataka wewe. Nilimtembeza mkwe wangu kwa ajili ya mpira wangu, nikaishia kutembeza mbuzi. Heshima si kukaza shingo. Heshima ni kujua kama anayekufuata bado yupo, na kama amechoka, na kama amekula. Mila za leo zinakuruhusu kugeuka, basi geuka. Na kama kuna jambo haliruhusiwi, tafuta kikombe ugonge, uliza kupitia kwa mkeo, kuuliza si ujinga. Leo ni mama mkwe, kesho watakuwa watoto wako wanakufuata nyuma, nao hawana mwavuli wenye kiraka.

Haya, nenda kwenye mpira wako. Mungu akupe nyumba yenye kicheko, mke asiyejua uongo, na mkwe mwenye sauti ya kupenya ukuta, ili siku ukipotea uisikie urudi. Na mwavuli ule upo nyuma ya mlango, uchukue, mama mkwe wako atauhitaji.