Kibofu cha Mzee wa Suti

Dada yangu alikuja kutoka Namtumbo na uvimbe chini ya kitovu, na daktari hapa Songea hakutaka kupanga upasuaji mpaka aone picha ya utrasaundi. Picha hiyo inataka kibofu kilichojaa. Unakunywa maji, unakaa kwenye benchi, unabana. Foleni ikikwama, ukaenda kukojoa, unaanza upya.

Ijumaa tulikuwa tunafuata sisi. Dada alikuwa amefumba macho, anatikisa goti. Akatokea mzee wa suti ya kijivu, akamnong'oneza mhudumu, akaingia. Alikaa humo mpaka dada akashindwa kubana, akaenda kukojoa. Aliporudi kutoka chooni, mhudumu akasema, "Njooni Jumatatu." Mimi, mwenye shahada mbili, nikajibu, "Sawa." Hotuba kali nilizitoa nyumbani, mbele ya kuku.

Jumatatu, tukiwa wa kwanza kwenye benchi, ikaja suti ileile. Safari hii mzee alibeba chupa kubwa ya maji, imebaki robo, akitembea kwa hatua fupifupi. Nikaelewa: Ijumaa walihangaika naye humo, kisha wakamrudisha, kibofu kilikuwa kitupu. Alitupita bure.

Moyo wangu ulifurahi vibaya. Nikamzibia njia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomba nipite."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo? Wajukuu je? Mahindi yamekubali mwaka huu?"

Huku kwetu mtu mzima hakatishi salamu. Mama mmoja wa kwenye benchi akaona ninachofanya, akainuka. "Shikamoo, baba! Huko kwenu mvua ikoje?" Wa pili akapokea na habari za mbolea. Mlango ulipofunguliwa, dada akapita nyuma ya mgongo wangu, akaingia.

"Jamani, nimebanwa," mzee akasema.

"Pole, baba," akajibu yule mama wa kwanza. "Wote hapa tumebanwa. Foleni inaanzia kule."

Hakufika kule. Aligeuka, akakimbilia chooni na chupa yake. Benchi zima lilicheka, mimi kuliko wote. Nilijua naye ni mgonjwa. Sikujali hata kidogo.

Daktari aliitazama picha, akaacha kutania. Uvimbe ulikuwa umeanza kujisokota. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" akauliza. Mchana huohuo wakampasua.

Sasa yuko shambani kwake, anapalilia. Dada ameshamsamehe mzee wa suti, hata humwombea.

"Na wewe msamehe, mdogo wangu," huniambia kwenye simu.

Namwambia mtandao unasumbua.