Mawe Mawili ya Kichwa cha Mputa

Siku ile tulikuwa watano pale gatini. Alikuwepo Mzee, Mkenya mwenye duka la misumari na mabati mtaa wa Kikuubo, ambaye ndiye aliyekuwa na boti. Alikuwepo Hajji, Mnubi mwenye malori mawili, aliyekuja kuvua kila Jumamosi na karibu kila Jumamosi akarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwepo nahodha wa boti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota lakini ziwa alilijua. Alikuwepo Madam wa ofisi ya utafiti wa samaki, ingawa yeye aliondoka saa saba mchana. Wa tano nilikuwa mimi, niliyekuwa nikiwaparua magamba na kuwapasulia samaki wao kwenye meza ya saruji. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku ile kwa namna yake, na katika masimulizi yote mimi nilikuwa mwizi.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma. Watu wenye fedha kidogo walikuwa wameanza tena kuwa na starehe, na starehe ya Mzee na wenzake ilikuwa kuvua samaki kwa fimbo na ndoana, Jumamosi, wakiwa wamevaa kofia. Hawakuvua kwa sababu ya njaa. Walivua ili wapige picha na mputa, yule ambaye wengine humwita sangara, kisha wabishane juu ya urefu wake hadi jua lizame.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikufa kwa ugonjwa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili wadogo zangu wawili wa kike wasiache. Tulikaa Kyebando, chumba kimoja na ukumbi. Kule ziwani mapatano yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza: mimi nasafisha samaki, wao wanachukua minofu, na vichwa ni vyangu. Kichwa cha mputa kina nyama nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwenye mashavu, nyuma ya macho, kwenye shingo. Vichwa viwili vilitulisha Jumamosi, Jumapili na supu ya Jumatatu.

Kisha akaja Madam. Alitundika karatasi kwenye ukuta wa banda la pale gatini, akawaeleza wavuvi wa starehe kwamba ofisi yao inataka kujua umri wa mputa wa ziwa letu, na kwamba umri unasomwa kwenye vijiwe viwili vyeupe vilivyo ndani ya kichwa cha samaki. Ukikikata kile kijiwe na kukiangalia kwa kioo cha kukuza, unaona miviringo kama ile ya gogo la mti. Aliwaomba wachangie vichwa. Kila atakayechangia jina lake litaandikwa ubaoni, pamoja na urefu wa samaki wake.

Walikubali wote, hata kabla hajamaliza kusema. Mzee alipiga makofi. Ilikuwa rahisi kwao kuwa wakarimu, maana walikuwa wakitoa kitu ambacho hakikuwa chao.

Nilijaribu kusema. Nilimngoja Mzee akiwa peke yake, nikamwambia, "Mzee, vichwa ndivyo tunavyokula nyumbani."

"Kijana wangu, hii ni sayansi," akanijibu, akinipiga bega. "Supu utakunywa siku nyingine. Chukua mifupa ya mgongo."

Hajji alisikia. "Mpeni mtoto wa watu kichwa, hiyo sayansi ichukue mkia!" akasema, wakacheka, na mambo yakabaki yalivyo.

Nilimwendea na Madam mwenyewe. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimemtazama akitoa vijiwe mwenyewe pale bandani. Aliweka kisu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, akakata kuelekea chini, akafungua kama mtu anayefungua kopo, na vijiwe vikawa pale, kimoja kila upande, vimelala kwenye vijumba vyao. Nilimwambia ningeweza kumtolea mimi. Yeye angepata vijiwe, mimi ningebaki na nyama.

"Una cheti?"

"Sina, Madam. Nina kisu."

"Fomu inasema kichwa kizima," alisema, wala hakuwa na ubaya usoni. "Kichwa kizima, kwenye friza, na bahasha yenye namba."

"Na mkishatoa vijiwe, kichwa mnakipeleka wapi?"

"Kinatupwa."

Nilirudi kwenye meza yangu. Niliparua samaki siku ile mpaka nikajikata kidole.

Kwa hiyo miezi ikapita nikiweka vichwa kwenye friza la banda, najaza bahasha, naandika urefu, mahali, jina la aliyevua. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndiyo maana walinipa ufunguo wa friza. Nyumbani tulikula posho, yaani ugali, na maharage, na mdogo wangu anayenifuata, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliniuliza kila Jumamosi, "Kaka, leo sayansi imeshiba?"

Sasa nieleze kwa nini Jumamosi ile ilikuwa tofauti. Jumapili yake baba mdogo alikuwa anakuja kula kwetu. Alikuwa karani, anakaa Bukoto kwenye nyumba za ghorofa, na tangu matanga ya mama alikuwa akisema kwamba watoto hawawezi kulelewa na mtoto mwenzao. Alitaka kumchukua kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka tisa. Alisema ni kwa ajili ya shule. Sisi tulijua mkewe amejifungua mapacha na mtumishi amewakimbia. Alituma neno kwamba atakuja baada ya kanisa, aione nyumba, kisha aamue.

Nyumbani kwetu, tangu enzi za babu kule Kenya, kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Baba alipokuwa hai hakuna aliyekigusa kabla yake. Akija mgeni wa heshima, mwenye nyumba anamwachia kichwa chake, kizima, kikimtazama. Kufanya hivyo ni kusema: hapa pana mwenyewe, na mwenyewe amekuheshimu. Nilitaka kumwambia baba mdogo hivyo bila kufungua mdomo. Fedha ya kununua samaki wa kumtosha sikuwa nayo. Nilipanga kumwomba Madam kichwa kimoja tu siku ile, hata kidogo, lakini hadi saa saba boti ilikuwa haijaleta kitu, naye akafunga sanduku lake la barafu akaondoka.

Saa kumi boti ikarudi. Nahodha alianza kupiga kelele kabla hawajafika. "Samaki kubwa! Samaki kubwa sana, bosi nashinda leo!"

Alikuwa mputa ambaye sijaona mwingine kama yeye, kabla wala baadaye. Tulimbeba watu watatu. Alipigwa picha amesimama, amechuchumaa, amelala kando yake. Nilimpima mara mbili kwa sababu Mzee alitaka niongeze vidole vinne nami nikakataa.

"Andika bahasha," akasema. "Madam amekuwa akililia mkubwa kama huyu. Wadogo anao tele, wakubwa hana. Jumatatu akija kuchukua vichwa akute kichwa hiki kiko juu ya vingine vyote." Kisha akanipa noti ya ziada, akaondoka akiimba.

Nikabaki na kichwa. Kilijaza karai. Niliandika bahasha: namba arobaini na moja, urefu, mahali, jina. Nilifungua friza, nikasimama pale baridi ikinipiga miguuni. Nikalifunga tena bila kuweka kitu.

Sikukiiba kichwa kile gizani. Nilikibeba mchana, ndani ya gunia, na nilikuwa na mpango. Nilisema moyoni kwamba Madam anahitaji vijiwe, mimi nahitaji nyama, na Mungu ametia vyote viwili mahali pamoja. Nyumbani nilinoa kisu, nikakata kama nilivyomwona akikata, juu, nyuma ya macho. Vijiwe vilitoka vizima, vyeupe, vikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona kwake. Niliviosha, nikavikausha kwa kitambaa, nikavitia kwenye bahasha arobaini na moja. Nilifurahi, nakiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niache shule kufanya kazi ya watu waliosoma, na niliifanya bila kosa.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Kichwa kilikuwa na mpasuo juu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mdogo wangu alikiunganisha kwa uzi wa mgomba, tukakipika taratibu kwenye sigiri ya makaa, tukakimwagia mchuzi mzito wa nyanya. Lakini uzi ulilegea.

Jumapili baba mdogo aliketi, akasali, akafunua sufuria. Akakitazama kichwa kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiko, akausogeza mchuzi pembeni, na mpasuo ukaonekana kama mdomo wa pili.

"Nani amekula kabla yangu?"

"Hakuna, baba mdogo. Nilifungua kutoa vijiwe."

"Vijiwe?"

"Viko ndani ya kichwa. Ofisi inavitaka."

"Kwa hiyo ofisi imekula kwanza, mimi nimeletewa makombo." Aliweka kijiko chini. "Ndivyo kaka yangu alivyowafundisha? Mgeni apewe kichwa kilichochokonolewa? Na wewe ndiye unayesema unaweza kulea."

Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hilo. Mdogo wangu, yule wa ulimi, akadakia kutoka mlangoni.

"Baba mdogo, kilichotoka humo ni mawe. Kama unayataka tukupikie."

"Nyamaza!" nikamkemea, lakini kitinda mimba alikuwa ameshakwenda kuleta bahasha. Akamwaga vijiwe kwenye kiganja cha baba mdogo, bila kuombwa.

Akavigeuzageuza. Akaniuliza ni vya nini, nikamweleza yale Madam aliyotuambia: miviringo, miaka, na kwamba watu wa ofisi wanataka kujua kama tunawala mputa kabla hawajazaa. Niliongea kirefu kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza huku akivitazama vijiwe karibu na dirisha, akavirudisha kwenye bahasha kimoja kimoja, akachukua kijiko. Alikula kile kichwa hadi mifupa ikabaki myeupe. Hakusifu, wala hakuomba radhi.

Mlangoni akasema, "Nitarudi Krismasi nione mnaendeleaje." Krismasi ilipofika akasema Pasaka. Mtoto hakwenda Bukoto. Hakuna siku baba mdogo aliyosema ameacha wazo lake. Alilisogeza mbele tu, na sisi tuliishi hivyo, tukisubiri kukaguliwa, miaka mitatu mizima.

Jumatatu Madam alifungua friza, akahesabu, akaniuliza iko wapi arobaini na moja. Nilimpa bahasha. Nilimweleza yote, hata la baba mdogo. Alivitazama vijiwe kwa kioo chake.

"Umevitoa vizuri," alisema. "Hakuna ufa hata mmoja."

"Basi vichukue."

"Siwezi. Kichwa hakipo, kipande cha nyama cha kupimwa hakipo. Wakiniuliza nitajuaje kwamba vijiwe hivi ni vya samaki huyu, nitasema nini? Kwamba kijana ameniapia?"

"Mimi ndiye ninayeandika bahasha zote, Madam. Zote arobaini uliniamini."

Alichukua rula, akapiga mstari juu ya arobaini na moja katika daftari lake, na mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyotumia rula, ili mstari unyooke, damu hunichemka. Kisha akanirudishia bahasha.

Mzee alipokuta samaki wake hayumo ubaoni, nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alinitazama, mtu mzima yule, macho yakiwa yamelowa.

"Samaki wangu wa maisha," akasema. "Umempa karani wa Bukoto."

"Nisamehe, Mzee. Nitalipa."

"Pesa sitaki. Nataka kichwa. Ukubwa ule ule, ukiweke mwenyewe kwenye friza, kizima. Hilo ndilo deni langu."

Kuanzia hapo kila Jumamosi alinisalimia kwa neno moja: "Deni?" Hajji naye akaongeza utani wake: "Mwache, Mzee, huyu anamlisha samaki nyumbani akue." Nahodha alinipeleka ziwani siku zangu za mapumziko, nikajifunza kushika fimbo, nikavua. Niliowapata walikuwa wa kujaa sinia tu. Mwaka hadi mwaka walipungua urefu, na hilo halikuhitaji kioo cha kukuza.

Mradi ulikwisha, karatasi ikabanduka ukutani yenyewe. Madam alihamishwa. Mzee aliuza duka, akarudi kwao Kenya, na siku ya kuaga alinipa fimbo yake moja. Sikujua kama ananisamehe au ananikumbusha, wala sikuuliza.

Sasa nauza samaki mwenyewe. Juzijuzi nilimwona kijana mmoja wa ofisi kama ile akitoa vijiwe sokoni. Alikigeuza kichwa, akapitisha kisu kwa chini, kwenye matamvua, akavitoa vyote viwili. Alipokirudisha kichwa mezani kilikuwa kizima, kinanitazama. Nilimwuliza njia hiyo wameijua lini. Akasema ni ya zamani, kila mtu anaijua. Nilifunga meza mapema siku ile, sikuweza kuuza.

Bahasha arobaini na moja iko kwenye sanduku la vyeti vya wadogo zangu, na vijiwe vyake viwili. Kila mputa mkubwa anayeshuka kwenye lori nampima kwanza, kabla ya bei. Bado hajaja anayefika.