Siku Riteina Yangu Ilipokomunika

Hivi kukomunika ni kula, au si kula? Msicheke, swali hilo lilinikuta nikiwa kwenye mstari wa kupokea hostia, mbele yangu wamebaki watu wanne, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikaamua hivyo hivyo, na uamuzi huo mdogo ndio uliofanya nishikwe mkono kanisani, hapa hapa Songea, kama mwizi wa kuku, mbele ya watu walionifundisha katekisimu na ambao walishasema zamani kwamba chuo kikuu kitaniharibu. Aibu yake bado ninayo.

Nianze na meno. Meno yangu ya mbele yaliota yakigombana, kila moja limetazama kwake, na nilipofika chuo Dar es Salaam nikasikia wanafunzi wa udaktari wa meno wanatafuta watu wa kujifunzia, nikajitolea (mimi niliyekuwa nahoji hata dawa ya minyoo), wakanifunga nyaya miaka miwili, na walipozifungua wakanipa kidubwasha wanachokiita riteina, yaani kibamba cha plastiki rangi ya ufizi kinachokaa kwenye kaakaa, na waya mmoja unaopita mbele ya meno. Daktari akasema niivae mchana na usiku, niitoe wakati wa kula tu, la sivyo meno yatarudi yalikokuwa. Nikamwuliza kwa nini meno yakumbuke mahali pabaya na yasahau pazuri. Akasema nivae.

Likizo ile dada yangu Leokadia alikuwa anabatiza mtoto wake wa kwanza, akanichagua niwe msimamizi, jambo lililogombewa nyumbani wiki nzima kwa sababu mama yetu alisema mtu anayeuliza Mungu aliumbwa na nani atamsimamiaje mtoto wa mwenzake, lakini Leokadia akashikilia kwamba ni mimi au ubatizo uahirishwe. Asubuhi ya Jumapili, ananifunga kilemba, akaniambia, “Feli, leo usiulize kitu. Siku moja tu.”

Nikaapa. Na kwa mdomo kweli sikuuliza, ila mstarini kichwa kikaanza chenyewe: daktari amesema toa wakati wa kula, sasa nikiitoa nitakuwa nimekiri kwamba hostia ni mkate kama mikate mingine, na nisipoitoa nitakuwa nimekubali kwamba si chakula, mbona basi tunaambiwa tule? (Na ningeitoaje, mikono imekunjwa kifuani, watu wote wananitazama?) Nikiwa bado nabishana na nafsi yangu mstari ukasogea, nikasema Amina na riteina mdomoni.

Hostia ilinata kwenye plastiki kama stempu kwenye bahasha. Nikaisukuma kwa ulimi, nusu ikaingia chini ya kibamba, ikavimba, riteina ikalegea, waya ukachungulia nje ya midomo, mate yakaanza kunitoka, nikarudi mbio mbio kwenye benchi, nikapiga magoti, nikafunika uso kwa viganja (aliyeniona alidhani nimeguswa na Roho), nikaingiza kidole, nikachomoa kila kitu, nikakifunga kwenye leso na leso nikaisokomeza mkobani. Nikashusha pumzi. Kugeuka, Mama Haule ananitazama.

Mama Haule alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na miaka ile macho yake yalikuwa na kazi ya ziada. Mawe ya thamani ya Tunduru yalikuwa yamewapagawisha watu, biashara imefunguliwa, wageni wanashuka kwenye mabasi na mikoba yao, na mji mzima ulivuma kwamba waganga wanawaagiza wachimbaji walete hostia waifukie shimoni ili jiwe litoke. Kila Jumapili tulionywa. Na shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuwa mnunuzi wa mawe. Tunduru.

Misa ilipoisha tu, Mama Haule akanishika kifundo cha mkono. Nikamwamkia shikamoo, maana sikuwa na silaha nyingine.

“Marahaba. Fungua mkoba.”

Nikasema ni kitu cha meno.

“Meno si hayo nayaona yote?”

“Kinayazuia yasirudi, mama.”

“Yarudi wapi?”

“Yalikotoka.”

Nawaambieni, kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia kama mganga mwenyewe. Watu wakasogea. Akaifungua leso kwa mikono yake, na humo ndani kikalala kitu cha rangi ya nyama, kina waya, kimegandwa na vipande vyeupe. Mwanamke mmoja nyuma yetu akafanya ishara ya msalaba. Shemeji akaanza kueleza kwamba yeye leseni anayo, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

“Huyu hasimamii mtoto hapa,” akasema Mama Haule.

Leokadia alikuwa amesimama na mtoto wake ndani ya nguo nyeupe, mshumaa mkononi, nyumbani mbuzi keshachinjwa na wakwe wamesafiri tangu jana. Nilitamani aniulize kama nimefanya, nimjibu. Hakuniuliza. Akasema tu, “Twendeni kwa Padre.”

Padre, mzee mpole asiyesema mengi, alikuwa sakristia anavua mavazi ya misa. Mama Haule akaiweka leso mezani kama polisi anayeweka ushahidi, akaeleza, nami nikaeleza, kisha tukaeleza kwa pamoja. Padre akaniambia nifungue kinywa, akatazama, akamimina maji kwenye glasi na kuanza kuiosha riteina yangu kwa vidole vyake, taratibu, kila kona, kila pindo la waya, mpaka vyeupe vyote vikabaki majini. Akanipa.

“Ivae.”

Nikaivaa, ikaingia mahali pake kwa mlio wa tak. Mama Haule akainama akachungulia, akasema, “Kumbe.”

“Siku nyingine itoe kwanza,” akasema Padre.

Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha. Nikauliza, “Kwa hiyo ni kula, Padre?” Leokadia akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino.

“Nendeni,” akasema Padre. “Mtoto anasubiri.”

Tukatoka, Padre akatufuata baadaye, mtoto akabatizwa, nami nikamsimamia nikisema “Nathadiki” mara tatu (riteina hiyo), huku vijana wa kwaya wakificha vicheko nyuma ya vitabu.

Tangu siku hiyo natembea na kisahani cha sabuni mkobani, naitoa kabla sijaingia kanisani, na nimeapa kutopanga mstari wowote nikiwa na swali kichwani, ingawa hilo la mwisho linanishinda. Kwa miaka mingi nimewasimulia marafiki kisa hiki kama kisa cha watu wasiojua mambo, mimi nikiwa ndiye mjuzi, na kila mara nilimalizia kwamba Padre aliyamwaga yale maji kwenye maua ya altare.

Sikumwona akiyamwaga. Siku mtoto yule alipopata kipaimara, Padre ameshafariki, Mama Haule alikaa karibu nami na fimbo yake, anakula wali, akaniambia kwamba siku ile yeye alibaki nyuma kufunga dirisha. Padre hakuyamwaga. Aliiinua ile glasi kwa mikono miwili, na mate yangu ndani, akainywa yote.