Mtoto wa Jicho wa Shangazi

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza, maana nataka kukueleza kosa langu taratibu, nawe usilirudie.

Nilikuwa muuguzi wa macho katika zahanati ya ufukweni, upande huu wa Ziwa Nyasa tunakoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuziba. La kushoto lilimwonyesha vivuli tu. Alichambua usipa kwa vidole, na watu alitambua kwa sauti.

Mara tatu nilimshauri apande milimani kwenye hospitali akafanyiwe upasuaji. Mara tatu alikataa. Fomu yetu ilikuwa na visanduku vya sababu: umbali, nauli, hofu, amekataa. Nikaweka alama kwenye "amekataa", nikaenda zangu. Hilo ndilo kosa langu.

Mwaka mmoja wakaja wageni wawili, daktari na mwenzake. Walikuwa wakizunguka nchi mbalimbali kukusanya maneno ya wagonjwa, wakayasome kwenye mkutano wa mataifa. Huko walitaka kuzishawishi serikali zichangie ili huduma ya macho ifike hata kwetu. Kulikuwa pia na timu ya upasuaji ambayo ingekaa hospitali ya mlimani wiki moja tu, kisha iondoke. Nilijua shangazi akiikosa wiki ile, huenda lile jicho la pili nalo lingeziba kabla timu nyingine haijaja. Nikawapeleka wageni kwake, mimi nikiwa mkalimani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja tena na habari zako za mtoto?"

"Leo nimekuja na wageni. Wametoka mbali, ng'ambo ya bahari."

"Wamevuka bahari nzima kuja kumtoa mtoto wangu! Kwao hawana watoto?"

Majirani waliokuwa vichanjani wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamsogelea.

"Shangazi, mtoto yupi?"

"Si huyo wa jicho! Yule kamtu kadogo aliyemo ndani. Ukimsogelea mtu sana unamwona anakutazama. Nilikuwa namwona kwenye macho ya mama yangu. Sasa mkimtoa huyo, nani atanionea?"

Nilikaa chini pale mchangani. Kumbe mara zote zile, kila niliposema "tutamtoa mtoto wa jicho", yeye alisikia kwamba tutaing'oa mboni yenyewe. Kiswahili alikijulia sokoni na kanisani. Nyumbani twasema Kinyasa. Maneno yangu aliyaelewa moja moja, tena vizuri sana. Nisichomweleza ni ugonjwa wenyewe.

"Shangazi, unakumbuka kandili ya bibi?"

"Ile iliyokuwa ikijaa masizi? Naikumbuka."

"Kioo kikiwa cheusi, mlikuwa mnatupa utambi?"

"Nani mjinga wa kutupa utambi? Unashughulika na kioo."

"Basi ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Chako kimeingia ukungu, na ukungu ule haufutiki. Daktari anakitoa hicho kioo, anaweka kipya. Kamtu kako haguswi."

"Sasa kwa nini mnauita ukungu mtoto?"

Nilimtafsiria daktari mgeni swali hilo, naye akaniomba nirudie, akaweka kalamu chini.

"Na kwenye huo mkutano wao," shangazi aliongeza, "waambie wakubwa wasitangulize mikasi. Watangulize maneno."

Hilo daktari aliliandika kama lilivyo. Kama lilisomwa mbele ya mataifa, sijui. Ninachojua ni kwamba fomu zilizokuja baadaye hazikuwa na kisanduku cha "amekataa". Mahali pake palikuwa na mstari mtupu na swali: mgonjwa ameelezaje kwa maneno yake?

Tulipanda milimani siku mbili kabla timu haijaondoka. Shangazi alitetemeka kwa baridi ya kule, akawalaumu Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wote kwa kukaa juu namna ile. Walimfanyia jicho la kushoto. Kesho yake asubuhi muuguzi alipofungua bandeji, shangazi alipepesa, machozi yakamtoka kwa mwanga. Kisha akanishika mashavu kwa vidole vyake vinavyonuka usipa, akanivuta mpaka pua zikagusana.

"Huyu hapa," akasema. "Kumbe na wewe unaye. Tena umezeeka, mwanangu."

Kwa hiyo, ukimpeleka mzazi wako au jirani yako kutibiwa macho, usimuulize "umeelewa?" Atakujibu ndiyo. Mwambie hivi: "Nieleze wewe, daktari atatoa nini na ataacha nini?" Akikosea, kaa chini, uanze upya.