Neno la Kufungulia Telefone

Majina ninayashika yote: ya majirani wa kila parsela tuliyokaa, ya watoto waliobatizwa siku moja na wangu, ya wale walioenda wakati wa vita na hawakurudi. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, labda ndiyo sababu kichwani kulibaki nafasi. Hapa siandiki hata moja. Wenyewe hawakuniomba.

Nyumbani kwetu kulikuwa na ubishi mumoja usioisha. Binti yangu mukubwa, anayefanya kazi ya deklarasio ya mizigo mupakani, alipenda telefone ya aina moja tu, ile ya bei kali ambayo kiwanda kinaifunga chenyewe na hakitaki mutu mwingine aiguse ndani. Mudogo wake wa kiume ni fundi wa telefone sokoni. Yeye alikuwa upande wa zile za wazi, ambazo programu yao imeandikwa mbele ya watu wote: anayejua kusoma anaisoma, anayejua kurekebisha anairekebisha. Sombe ikifika mezani ndipo walipoanza.

"Yaya," kijana alimwambia dada yake, "umenunua nyumba na funguo imebaki kwa aliyekuuzia."

"Na wewe unalala kwa nyumba isiyo na mulango, unasema ni uhuru."

"Mulango uko. Niliutengeneza mwenyewe."

"Ndiyo maana kila wiki unaanguka."

Siku moja niliwauliza kama zote mbili zinapiga. Wakasema ndiyo. Nikawaambia wale basi, bugali unapoa.

Binti yangu aliponunua mupya, ile ya zamani alinipa mimi. Mudogo wake hakufurahi, lakini yeye alikuwa hajaniletea kitu. Binti alikaa na mimi mchana wote, mimi ninataja jina, yeye anatafuta namba na kuandika, mupaka ukoo wote ukaingia. Halafu akasema: "Mama, sasa chagua neno la siri. Neno ambalo hutalisahau na ambalo mwizi hawezi kulisikia kinywani mwako." Akanionyesha herufi, akageuza uso kwa heshima.

Nilifikiri kidogo tu. Kwetu, mwanamuke aliyeolewa hatamki jina la baba-mukwe wake. Halitamki akiwa hai, halitamki akisha kufa, na hata maneno yanayofanana nalo anayazunguka. La baba-mukwe wangu lilikuwa na mvua ndani yake, kwa Kinyarwanda, kwa hiyo tangu ndoa, nikisema Kinyarwanda, mvua mimi ninaiita "ile ya juu". Watoto wangu walizaliwa akiwa amekwisha kufa. Walijua tu lile la ubatizo lililo kwenye karatasi. Hilo lingine halikusikika nyumbani kwangu hata mara moja. Basi nikaliandika hilo, herufi kwa herufi, na miwani yangu puani. Nilijiona nina akili. Baada ya hapo nilikuwa ninafungua kwa kidole tu, neno lenyewe telefone haikuniuliza tena.

Kisha mulima ukatapika moto, mara ya tatu katika maisha yangu. Mbingu ilikuwa nyekundu, na watu walijaa barabarani na magodoro. Binti yangu na watoto wake wakavuka upande wa Rwanda. Mimi na kijana wangu tukafuata barabara ya Sake kwa miguu, na asubuhi tulikuwa tumekaa chini pale panapoitwa Lac Vert, katika watu wengi. Miwani ilikuwa imeanguka njiani, mutu akaikanyaga.

Nilikuwa na jambo moja tu: mukubwa wangu, dada yangu. Dada huyo alikuwa mukulima wa Kibumba. Waasi walipofika, alishuka Kanyaruchinya, karibu na muji, akarudi, akashuka tena vita nyingine, mwishoni akapanga chumba hukohuko na wajukuu watatu. Na watu waliotoka upande ule walisema moto umepita karibu kule.

Namba yake ilikuwa ndani ya telefone yangu, na telefone ilikuwa imezimika. Kijana aliomba umeme kwa mwenye duka, akaiwasha. Nikaweka kidole. Ikakataa.

"Ikizimika inataka neno kwanza," kijana alisema. "Kidole ni baadaye."

"Wewe huna namba ya mama yako mukubwa?"

Hakuwa nayo. Wiki ile alikuwa ametoa programu ya kiwanda katika telefone yake, ameweka nyingine ya wazi, na namba zake zote zilikwenda na ile ya zamani.

"Kwa hiyo ya wazi iko tupu," nilimwambia, "na iliyojaa imefungwa."

"Yangu ningekufungulia, Mama. Hii hata mimi fundi siwezi. Ninaweza kuifuta tu, na namba zitakufa. Yaya haingii, kule Rwanda simu haipiti, hakuna reseau. Niambie neno, niandike."

"Siwezi kulisema."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau."

Alidhani ninaona haya ya neno baya, akacheka. Nikaomba kaa la moto lililozimika, nikaandika kwenye kipande cha karto ya boksi. Bila miwani herufi zilipandana. Alijaribu alivyosoma, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaniambia yaya wake aliweka kwamba ikikosewa mara nyingi inajifuta yenyewe, na kwamba hajui imebaki mara ngapi.

Mama mumoja aliyekuwa karibu, na mutoto mugongoni, alikuwa anatuangalia. Aliuliza ni jina la nani. Nikamwambia: la mwenye kuzaa bwana yangu. Alielewa, akageuka upande mwingine. Kijana wangu ndiye hakuelewa.

Basi nikalitamka. Nililisema polepole, ili aandike vizuri, na nililisema mara mbili kwa sababu kulikuwa na kelele.

Akaandika. Telefone ikafunguka.

"Ni la nani?" aliuliza.

"La babu yako."

"Sikuwahi kulisikia."

"Sasa umelisikia. Piga."

Mukubwa wangu alijibu mara moja.

"Umechelewa," alisema.

Alikuwa Kibumba. Moto ulipokata njia ya mujini alipanda tu na wajukuu, akarudi kwenye shamba alilolikimbia. Walikuwa wazima wote.

"Na kwa nini hukunibip, hata kuita mara moja na kukata?" nilimuuliza.

"Mimi ndiye mukubwa. Nilingoja unipigie."

Nikamueleza kwamba telefone ilikuwa imefungwa, na neno lilikuwa nini. Nilisikia mbuzi nyuma yake.

"Ulilitamka kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mara mbili. Watu wako hapa."

Kisha akasema, kama mutu anayetaja bei ya viazi:

"Mimi la baba-mukwe wangu nililitamka vita ya kwanza. Kwenye bariere, pale kamba ilipofunga njia, askari aliniuliza niliolewa kwa mwana wa nani."

Dada yangu huyo, ninamujua tangu nizaliwe, hakuwahi kuniambia.

"Na ikawa nini?"

"Akafungua kamba," alisema. "Tukapita."