Siku Niliyoliliwa Msiba Kariakoo

Chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea: mimi ni mtu niliyeliliwa msiba mchana kweupe hapa Kariakoo, kibanda changu kiko wazi na mimi mwenyewe nimo ndani, mzima wa afya.

Nauza vikapu vya nyasi za milulu vya kwetu Iringa, anavyosuka mama yangu na wenzake kijijini, kando ya barabara ya kwenda mbugani, na nisiposema nitapasuka: Bongo hii hakuna kikapu kinachosukwa kama kile. Lakini miaka yote magari ya watalii yalikuwa yanapita pale bila kusimama, kijiji kinabaki na vumbi. Sasa siku hiyo dada mmoja anayepanga safari za watalii, Neema, alikuwa anakuja kuviona vikapu, na akivipenda, magari yatasimama kwa mama.

Neema amefika, kashika kikapu, anakigeuzageuza, ndipo akatokea Gama, jirani yangu muuza masufuria. Gama ni Mngoni, mimi Mhehe, yaani watani wa jadi (na mtani, mnajua, hana breki). Akakinyakua kile kikapu mikononi mwa mgeni. "Mtumwa wangu, hiki nachukua!" Siku nyingine ningemrushia kandambili. Siku hiyo nikataka kuonekana mfanyabiashara wa maana, nikasema, "Samahani dada, huyu kaka simfahamu."

Kumkana mtani! Gama akajifunga kiunoni khanga ya mama ntilie wa kibanda cha pili, akaketi katikati ya njia, akaangua kilio: "Uwiii, Mhehe wangu kafa! Aliyenijua kafa!" Mnaojua utani mmeelewa, ila wapita njia hawakuelewa. Mikokoteni ikasimama, wamachinga wakavua kofia, mama ntilie akaja na machozi ya kweli, mtu akaanza kupitisha kikapu cha rambirambi (kikapu changu!), na mimi, badala ya kujitokeza niseme nipo, nikaona haya, nikachutama nyuma ya lundo la vikapu ningoje wachoke.

"Alikuwa anaumwa nini?" mtu akauliza.

"Kiburi," Gama akajibu, kwikwi imemshika.

Simu yangu ikalia. Katika kuhangaika kuizima nikaipokea, tena kwa spika, lundo likaniporomokea, nikainuka na kikapu kichwani mbele ya waombolezaji wangu. Mama ntilie alipiga yowe akatimua mbio, kandambili moja akaiacha. Na sauti ya mama inatoka kwenye simu: "Kamwene mwanangu! Mgeni keshafika? Magari yatasimama?"

Neema alikuwa ameegemea nguzo, anafuta machozi ya kicheko. Akaichukua simu. "Shikamoo mama. Yatasimama."

Na yanasimama mpaka leo. Nilipokwenda nyumbani niliona kwa macho yangu: wageni wameketi mkekani mama anawafundisha kusuka, jirani anauza asali, vijana waliokuwa wanawaza kuhamia mjini sasa ndio wanaowatembeza watu. Nilijivuna mpaka shingo ikauma. Mama akaniita mbele yao akasema, "Huyu ndiye binti yangu aliyefufuka," wakapiga makofi (kumbe Neema huwasimulia kisa chote njiani).

Tangu hapo simkani mtani, hata aje rais. Gama anachukua kikapu akitaka, ananiita mtumwa wake, na mteja akishangaa namwambia: "Huyu? Huyu ndiye aliyenilia nilipokufa."