Kompyuta Isiyoguswa Mchana

Dada yangu mdogo alikuwa ananificha kitu. Kila nilipompigia simu kutoka Arua kumwambia nakuja Koboko kuchukua vitu vyangu kwenye ile kompyuta kuukuu, hakukosa udhuru. Mara umeme hakuna, mara mashine inaumwa, mara ana mgeni. Mwishowe alikubali, ila kwa sharti.

"Kaka, wewe kuja," alisema. "Lakini kuja alasiri. Muchana hapana."

Mtu anayekwambia usije mchana, mchana kwake kuna jambo. Mimi ni wakala wa forodha pale Oraba, mpakani, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini hata anayenisalimia vizuri. Hasa anayenisalimia vizuri.

Kompyuta yenyewe ilikuwa yangu. Niliiacha kwa dada nilipohamia Arua, yeye akabaki na nyumba, na baba yetu mzee, na mashine. Ndani yake kulikuwa na video za harusi ya binti wa dada, na katika video hizo alikuwamo marehemu mama yetu, akicheka, akigombeza watu jikoni, akiita watu waje kula. Picha za mama tunazo. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote. Na mashine ilikuwa inakufa: betri imekwisha, kioo kimeshikiliwa na utepe wa gundi, matundu ya flashi hayasomi kitu. Siku moja ingezimika isiwake tena, na sauti ya mama ingekwenda nayo. Hilo liliniogopesha kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya mtu.

Kwa hiyo nilinunua kompyuta mpya, na fundi mmoja wa mjini Arua akanionyesha jinsi ya kuziunganisha mbili kwa waya wa mtandao, huku unachomeka na kule unachomeka, bila flashi. Mpango wangu ulikuwa uleule wa Oraba. Pale mpakani malori mawili hurudi nyuma mpaka yakaribie kugusana, mzigo unatoka hili unaingia lile, kisha lililobaki tupu linafagiwa hata punje isibaki, asije mtu kesho akadai kuna chake humo. Nilikusudia kuhamisha kila kitu, nifute kompyuta ya zamani, niiuze kwa vipuri. Nilimwambia dada hivyo hivyo kwenye simu. Amewahi kuuza chai Oraba, kwa hiyo alijua nasema nini. Aliniuliza mara mbili kama nitafagia kweli, na swali hilo lilinizidishia shaka.

Njiani nilimhukumu mara nyingi. Labda ameshaiuza. Labda amewapa vijana wa mtaa wanaangalia sinema. Labda kuna video anayotaka ibaki yake peke yake, mimi nipewe makapi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nilifika Koboko makusudi kabisa baada ya swala ya adhuhuri.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa. Sikubisha. Nilizunguka upande wa jikoni nikitembea taratibu kama askari wa doria, na nilipofika chini ya dirisha nilimsikia mama yangu.

"Muzee, chakula iko tayari. Kuja kula, itakuwa baridi."

Nilijua amekufa, nilimzika kwa mikono hii, lakini masikio hayakujali. Kisha kutoka chumba cha nyuma nikasikia baba akijibu, "Nakuja, mama ya watoto," na fimbo yake ikaanza kugonga sakafu.

Nilichungulia. Kompyuta ilikuwa juu ya gunia la unga, dada ameinama juu yake, kidole bado kiko kwenye kitufe. Baba, ambaye macho yake yameshazimika na akili yake huja na kuondoka, alipapasa mpaka kwenye mkeka, akanawa, akaanza kula ugali wa muhogo na samaki mkavu. Alikula vizuri, kama mtu aliyeitwa na mkewe.

Dada aliinua kichwa akaniona. Hakushtuka sana. Alitoka nje akafuta mikono kwenye leso, akasimama mbali nami kidogo.

"Unamdanganya Baba," nikasema.

"Baba nakataa kula. Mimi naita, nakataa. Watoto naita, nakataa. Anasema mama ya watoto bado kuita yeye. Alikuwa nakonda, Kaka. Siku moja nilifungua hii video, ile maneno ikatoka, Baba akaamuka akakula."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungesema ni haramu. Tena ulisema unakuja kufagia mashine. Ukifagia, Baba atakula na nini?"

Nilimwambia tu kwamba sitafuta kitu. Nitanakili, cha kwake kitabaki, na mimi nitakuwa na kingine kama hicho. Aliniangalia kama ninavyowaangalia mimi madereva.

"Apa," akasema.

Niliapa. Hata hivyo, tulipoziweka kompyuta mbili mezani sebuleni na kuchomeka waya, alivuta kiti akakaa upande wa ile kuukuu, mkono wake juu yake. Ile mpya nayo haikuwa rahisi. Iliniuliza kama nauamini mtandao huu. Nilipokubali, ikataka neno la siri. Nilipoliandika, ikasema haiioni kompyuta ya pili, ilhali ziko meza moja! Nilihangaika kubadili namba za huku na za kule kama fundi alivyonielekeza, nikatukana kimoyomoyo, mpaka zikaonana. Video zikaanza kupita, polepole sana.

Kila moja ilipokwisha kuingia kwangu, dada alifungua ya kwake kuhakikisha bado ipo. Alikuwa anazima sauti kwanza, baba asisikie. Iliniudhi. Nimeapa kwa Mungu na bado ananikagua! Halafu nikakumbuka kwamba ningekuwa mimi, ningekagua mara mbili.

Zilipokwisha zote, nilichomoa waya, na dada akairudisha ile kuukuu jikoni, akaichomeka kwenye umeme. Nilitaka kuhakikisha na mimi, nikafungua ile video ya mama jikoni kwenye kompyuta mpya. Sikufikiria kuzima sauti. Mashine mpya ina spika nzuri, na mama akaita pale sebuleni, karibu na mlango wa kutokea, sauti safi kuliko nilivyoisikia mchana wote. Niliifunga haraka, nikaitia kwenye mfuko, nikasimama kuaga.

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Aliikingamisha fimbo yake, kutoka mwimo huu mpaka ule.

"Kwa mufuko yako iko nini?"

"Ni kompyuta, Baba. Ya kazi."

"Mimi nasikia yeye hapo." Alinyoosha mkono akaugusa mfuko, akaupapasa taratibu, akatafuta zipu. "Mama yako unapeleka wapi?"

Niliushika mfuko kwa mikono miwili, naye akaushika, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Jikoni, dada akabonyeza kitufe.

"Muzee, chakula iko tayari. Kuja kula."

Baba aligeuza kichwa. Alisikiliza huku, akasikiliza kule, mkono bado uko kwenye mfuko wangu. Kisha akauachia, kidole baada ya kidole, akaanza kurudi ndani.

"Nakuja," akasema. "Ngoja kwanza, kuna mutu hapa alitaka kukuiba."